Kumwonea Huruma Mhalifu wa Filamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa yameulizwa na watazamaji wa Mtwara mjini, Mikindani na Lindi ambao hubaki wameketi baada ya filamu kwisha ili wajadiliane walichokiona. Mengi yanahusu jambo moja linalowasumbua kwa haki kabisa: inakuwaje filamu inatufanya tumpende mtu ambaye tungekutana naye usiku tungemkimbia? Asiyependa kuambiwa mwisho wa filamu kabla hajaitazama ajue kwamba miisho kadhaa imeelezwa humu, kwa sababu haiwezekani kuijadili hukumu bila kusema ilikuwaje.

Najua fika kwamba mhusika huyu ni mwizi. Kwa nini basi ninamwombea asikamatwe?

Kwa sababu umekaa naye. Filamu ya uhalifu huamua mapema utayatazama mambo kupitia macho ya nani, na ukishaandamana na mtu kwa saa nzima, ukamwona akila, akidanganya, akiogopa na akimfunika mwanawe shuka, hofu yake inakuwa hofu yako hata kama msimamo wako kuhusu wizi haujabadilika hata kidogo. Waongozaji wanalijua hili na wanalitumia kwa makusudi. Humpa mhalifu shida ambayo kila mtu anaielewa. Humpa ustadi, kwa kuwa binadamu hupenda kumtazama fundi akifanya kazi yake hata kama kazi yenyewe ni kufungua kufuli la watu. Kisha humletea adui aliye mbaya kuliko yeye.

Mfano ninaouthamini kuliko mingine ni Ladri di biciclette, filamu ya Kiitalia iliyoongozwa na Vittorio De Sica mwaka 1948. Antonio Ricci anaishi Roma baada ya Vita Kuu ya Pili, hana kazi, na siku anayoipata kazi ya kubandika mabango anaambiwa lazima awe na baiskeli. Baiskeli yake iko rehani. Mkewe Maria anayatoa mashuka ya kitandani, anayafunga na kuyapeleka rehani ili baiskeli ikombolewe, na karani akishayapokea anapanda nayo juu ya rafu zilizosheheni mashuka ya familia nyingine mpaka karibu na dari. Hakuna anayesema lolote, lakini mtazamaji amekwisha kuelewa kwamba shida hii si ya nyumba moja. Siku ya kwanza ya kazi baiskeli inaibwa. Antonio na mtoto wake Bruno wanaitafuta mji mzima, wanamfikia kijana wanayemshuku, na kijana huyo naye wanamkuta akiishi na mama yake katika chumba cha kimaskini, huku majirani wakimtetea na ushahidi ukikosekana. Mwishoni yule aliyeibiwa anaiba baiskeli ya mtu mwingine, anakamatwa na kundi la wanaume, na anapigwa kofi mbele ya mwanawe.

Mwenye baiskeli anamtazama mtoto, kisha anaamua kutoshtaki. Filamu haikutuambia kwamba wizi ni halali. Ilituonyesha kila hatua iliyomfikisha Antonio pale, na pia ilituonyesha kwamba aliyeibiwa mara ya pili alikuwa na haki ya kukasirika.

Je, kumhurumia mhalifu si sawa na kuuhalalisha uhalifu?

Hapana, na mahakama zetu zinatuonyesha tofauti hiyo kila wiki. Mshtakiwa akishatiwa hatiani, hakimu humpa nafasi ya kueleza kwa nini asipewe adhabu kali, na hapo ndipo zinaposikika habari za mama mgonjwa, za watoto wanaomtegemea, za kosa la kwanza maishani. Hakimu anayeyasikiliza maneno hayo hajafuta hatia, kwani hatia imekwisha kuandikwa; anataka kumjua mtu anayemhukumu. Filamu nzuri ya uhalifu hufuata utaratibu huohuo, na huharibika pale inapotupa utetezi bila kutuonyesha kosa.

Kwa sababu hiyo ninashikilia kwamba kipimo cha filamu ya uhalifu hakiko kwa mhalifu, kiko kwa aliyekosewa. Je, tumeuona uso wake? Je, tumejua kilichompotea? Filamu iliyompa mwizi utoto wa shida, mpenzi na mama mzazi, lakini ikamwacha mwenye duka awe mtu wa kuanguka tu mbele ya kamera, imetudanganya hata kama kila inachokisema kuhusu mwizi ni kweli.

Huu si utamaduni wa kigeni? Hadithi zetu hazikuwasifu wezi.

Ziliwasifu sana. Mtoto yeyote aliyelelewa na bibi yake huku kusini amesikia jinsi Sungura alivyokula mazao yasiyo yake na kuwafanya Fisi na Simba waonekane wajinga, na kote pwani watu wameburudishwa na ujanja wa Abunuwasi. Tuliwapenda kwa sababu waliodanganywa walikuwa wenye nguvu. Hata hivyo, wasimulizi hawakumwacha Sungura aondoke salama kila mara: katika kisa cha sanamu lililopakwa ulimbo ananaswa mikono na miguu, na watoto wanaosikiliza hucheka kwa furaha ileile waliyokuwa nayo alipokuwa akiiba. Mizani hiyo ya kumfurahia mjanja na kufurahi anaponaswa ndiyo ambayo filamu nyingi za siku hizi zimeipoteza.

Kwa nini katika filamu za zamani za Marekani mhalifu lazima afe au akamatwe?

Kwa sababu iliandikwa hivyo. Mwaka 1930 wakubwa wa Hollywood walikubaliana kanuni za maadili ambazo zimebaki zikijulikana kwa jina la Will Hays, na kuanzia mwaka 1934 zikaanza kusimamiwa kwa ukali chini ya Joseph Breen. Kanuni hizo zilikataza kuielekeza huruma ya mtazamaji upande wa uhalifu. Ukali huo ulichangiwa na filamu za majambazi zilizotikisa majumba ya sinema miaka michache kabla, zikiwamo Little Caesar na The Public Enemy za mwaka 1931 na Scarface ya mwaka 1932.

Sisi tuliokua tukiambiwa kwamba siku za mwizi ni arobaini hatuoni ajabu katika miisho hiyo. Tatizo lake ni kwamba siku thelathini na tisa za mwanzo ndizo zilizojaza viti: jambazi anavaa suti safi, anaheshimiwa, anatoka na warembo kwa zaidi ya saa nzima, kisha anauawa katika dakika ya mwisho ili filamu ipate kibali. Adhabu iliyobandikwa mwishoni haimfundishi mtu chochote, na vijana wanaotoka kwenye onyesho wanaiga ile saa nzima.

Filamu iliyolikabili tatizo hili kwa ujasiri ndani ya kanuni zenyewe ni Angels with Dirty Faces ya mwaka 1938. James Cagney anaigiza Rocky Sullivan, jambazi ambaye watoto wa mtaani wanamwona shujaa. Anapohukumiwa kufa, rafiki yake wa utotoni ambaye sasa ni padri anamwomba jambo la mwisho: aelekee kwenye kiti cha umeme akilia kama mwoga, ili wale watoto waache kumtamani. Rocky anakataa, kwa kuwa heshima ndiyo kitu pekee alichobakiwa nacho. Kisha, hatua chache kabla ya kiti, anaanza kupiga mayowe na kuomba asiuawe. Tunaona kivuli chake na mikono yake iking'ang'ania, na filamu haituambii kama aliogopa kweli au kama alitoa zawadi kubwa kuliko zote alizowahi kutoa. Baadaye padri anawathibitishia watoto kwamba Rocky alikufa akiwa mwoga. Nimewahi kuona mjadala kuhusu tukio hilo ukidumu muda mrefu kuliko filamu yenyewe, na ninaamini mwongozaji, Michael Curtiz, alitaka iwe hivyo.

Kanuni ziliachwa mwaka 1968, nafasi yake ikachukuliwa na madaraja ya umri. Lakini shinikizo la kumwadhibu mhalifu halikuishia Marekani: filamu ya Hong Kong iitwayo Infernal Affairs, ya mwaka 2002, ilitengenezewa mwisho mwingine kwa ajili ya China bara, ambamo mhalifu aliyejipenyeza polisi anakamatwa, ilhali katika mwisho wa asili anabaki huru na mzigo wake moyoni. Mwisho wa asili ndio mchungu zaidi.

Wazazi wetu walizipenda filamu za Kihindi zenye ndugu wawili, mmoja polisi na mwingine jambazi. Nazo zinahesabika?

Zinahesabika, na kubwa miongoni mwake ni Deewaar ya mwaka 1975, iliyoongozwa na Yash Chopra na kuandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar. Watu wengi wanaikumbuka kwa sababu ya Amitabh Bachchan peke yake, lakini inastahili kutazamwa upya kwa makini.

Baba ni kiongozi wa wafanyakazi ambaye analazimishwa kuwasaliti wenzake ili kuiokoa familia yake iliyotekwa. Anakimbia kwa aibu, na watu wenye hasira wanamchanja mtoto wake mkubwa, Vijay, maneno mkononi yanayosema kwamba baba yake ni mwizi. Mama anahamia Bombay na wanawe wawili na kubeba matofali kwenye ujenzi. Vijay anakuwa kuli bandarini, anawapiga wahuni wanaowatoza makuli pesa kwa nguvu, kisha anajiunga na wafanya magendo. Mdogo wake Ravi, aliyesomeshwa kwa jasho la mama na kaka, anakuwa afisa wa polisi. Mtu aliyewahi kuwaona makuli wa bandari ya Mtwara wakishusha mizigo juani hahitaji kuelezwa kwa nini Vijay alichoka.

Kila kitu katika filamu hii kinamvuta mtazamaji upande wa Vijay, na nguvu yake iko katika kwamba haiishii hapo. Ravi anamfukuza kijana mmoja aliyeiba, anampiga risasi ya mguu, na anapomkaribia anagundua kwamba alichoiba ni mkate. Anaona aibu. Anakwenda nyumbani kwa kijana akiwa na chakula, na mama mtu anamfukuza kwa maneno makali, akiuliza kwa nini wezi wakubwa hawapigwi risasi. Kisha anarudi baba, mwalimu mzee maskini, naye anasema kwamba wizi ni wizi, uwe wa pesa kidogo au wa pesa nyingi, na kwamba wako maelfu wenye njaa wasioiba. Wazazi wawili wa nyumba moja, wenye njaa moja, wanatoa hukumu mbili, na mwongozaji hamdhihaki hata mmoja wao. Ravi anaondoka akiwa ameamua kumfuatilia kaka yake.

Mama naye anaihama nyumba nzuri ya Vijay na kwenda kukaa na Ravi, ingawa ni wazi kwamba anampenda Vijay zaidi. Mwishoni Vijay anakufa mikononi mwake hekaluni, akiwa amepigwa risasi na mdogo wake. Huyu mama ndiye anayetimiza nilichokisema kuhusu mahakama: anahukumu kwanza, halafu analia.

Wasimulizi wa kwenye vibanda vya kuonyeshea filamu, wanaotafsiri filamu kwa Kiswahili, wanaibadilisha huruma yetu?

Wanaibadilisha sana, na hawajapewa heshima wanayostahili kwa kazi hiyo. Mtu aliyeizoea sauti ya msimulizi kama Lufufu anajua kwamba hatafsiri maneno tu. Anawapa wahusika majina, anaeleza mambo ambayo hayamo, anaonya, anamcheka adui, na anamtia moyo steringi, yaani mhusika mkuu. Vibandani kuna imani ya siku nyingi kwamba steringi hafi, na imani hiyo inafanya kazi vizuri pale steringi anapokuwa mtu mwema.

Matata huanza steringi mwenyewe anapokuwa jambazi. Katika kibanda kimoja cha Chikongola, mahali ambapo watu hukaa kwenye mabenchi ya mbao wamebanana bega kwa bega na mtoza viingilio amesimama mlangoni, niliitazama filamu ya wizi wa benki ambayo msimulizi wake aliwaita polisi maadui tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna mlinzi aliyeuawa mlangoni mwa benki. Katika sauti ya asili mlinzi huyo alikuwa amezungumza na mwenzake, kwa sentensi mbili, kuhusu mtoto wake. Msimulizi alizipita sentensi hizo akisifu bunduki ya steringi. Hakuwa na nia mbaya, kwani filamu ilikuwa inakimbia naye alikuwa akikimbia nayo. Lakini watu waliokuwa kwenye mabenchi yale walishangilia kifo cha mtu ambaye mwandishi wa filamu alitaka wamsikitikie. Ningewaomba wasimulizi wetu walinde angalau maneno machache ya wale wanaokufa mapema, hata ikibidi waache mzaha mmoja.

Kwa nini polisi katika filamu hizi karibu kila mara ni wala rushwa?

Kwa sababu ni njia rahisi ya kumfanya mhalifu aonekane afadhali. Inapotumiwa kwa uvivu inachosha. Inapotumiwa vizuri inaeleza jinsi uhalifu unavyoishi kwa kulindwa, na filamu ya Kenya nitakayoitaja hapa chini inafanya hivyo.

Afrika ina filamu za namna hii?

Inazo, na baadhi yake zinalingana na zozote zilizotajwa hapa. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga, inamhusu Mwas, kijana wa kijijini anayeuza filamu na kuigiza vipande vyake mbele ya wateja, ambaye anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji na kuibiwa kila alichonacho siku ileile anayofika. Anajikuta mchana yuko kwenye mazoezi ya mchezo wa jukwaani na usiku yuko na genge linaloiba vipuri vya magari, huku polisi wakila pande zote. Tunamfuata kwa upendo kwa sababu tumeona alivyoibiwa. Lakini kadiri filamu inavyosonga, inakuwa vigumu kusema ni wapi alipoacha kuwa mgeni aliyeonewa akawa mwenyeji anayeonea. Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, alishinda tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka huohuo.

Tsotsi ya Afrika Kusini, iliyoongozwa na Gavin Hood na kutolewa mwaka 2005, ndiyo iliyoshinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Kijana wa genge anapora gari, anampiga risasi mama mwenye gari, na baadaye anagundua kwamba kiti cha nyuma kuna mtoto mchanga. Anambeba kwenye mfuko wa karatasi. Anamlazimisha mjane mmoja, kwa bastola, amnyonyeshe. Hapo ndipo ninapomsifu mwongozaji, kwa sababu katika tukio hilohilo tunaona ubaya na uhitaji vikiwa kwa mtu mmoja, na uso wa yule mjane haututoki. Pia hamsahau mama wa mtoto: tunamwona hospitalini, tunamwona kwenye kiti cha magurudumu, na Tsotsi anapomrudisha mtoto inambidi asimame mbele ya watu aliowaharibia maisha.

Nitaitambuaje filamu inayoutukuza uhalifu?

Hesabu watu wa kawaida. The Godfather ya mwaka 1972 ni kazi kubwa ya sanaa, na sehemu ya ubatizo, ambamo Michael Corleone anajibu maswali ya padri kwamba anamkataa shetani huku vijana wake wakiwaua mahasimu wake mmoja baada ya mwingine, ni hukumu kali isiyohitaji maelezo. Lakini jiulize ni mara ngapi katika filamu hiyo unamwona mwenye duka anayetozwa pesa na familia ile, au familia iliyofilisiwa na kamari. Karibu wote wanaouawa ni wahalifu wenzao, na kwa hiyo mauaji yanaonekana kama ugomvi wa ndani ya ukoo. Ninaipenda filamu hiyo, na naona pengo hilo kila ninapoirudia.

Dalili nyingine hazina uzito kama hiyo. Bunduki nyingi au matusi mengi havitoshi kuifanya filamu iwe mbaya.

Kwa nini tunamlilia mwizi wa kwenye filamu, kisha tunamwokotea jiwe mwizi wa mtaani?

Wa mtaani tunakutana naye katikati ya kisa chake. Simu ya mtu imekwisha kuporwa, kelele zimekwisha kupigwa, na kesho gazeti litaandika kwamba aliuawa na wananchi wenye hasira kali, bila jina la hata mmoja wao. Hatukumwona asubuhi alipoamka. Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema kwamba hasira ile ni ushamba tu. Mama lishe aliyeibiwa mtaji wake wote sokoni ana haki ya uchungu wake, na filamu inayomwambia awe mpole kabla ya kuutambua uchungu huo haijui inazungumza na nani.

Filamu iliyoyabeba yote mawili ni M, iliyotengenezwa Ujerumani na Fritz Lang mwaka 1931, na ninaiona kuwa ndiyo kilele cha suala hili lote. Inaanza na mama anayeandaa chakula cha mchana akimsubiri binti yake Elsie arudi kutoka shule. Anaita ngazini. Tunaona sahani tupu mezani. Tunaona mpira ukibingirika nyasini na kusimama. Tunaona puto limekwama kwenye nyaya za simu. Uso wa muuaji hatujauona vizuri bado, tumeona kivuli chake na mgongo wake tu, lakini tayari tunamjua aliyekosewa. Baadaye wahalifu wa mjini, waliokasirika kwa sababu misako ya polisi inawaharibia kazi, wanamsaka muuaji wenyewe, wanamkamata na kumweka mbele ya baraza lao katika kiwanda kilichoachwa. Peter Lorre, akiwa amepiga magoti na macho yamemtoka, anapiga kelele kwamba kuna kitu ndani yake kinachomfukuza mitaani na hawezi kukikimbia, tofauti na wao walioiba kwa kupenda. Yule aliyepewa kazi ya kumtetea anasema mtu kama huyo akabidhiwe kwa sheria na madaktari. Umati unapiga mayowe.

Kila ninapoiona sehemu hiyo pamoja na watu, ukimya unaingia chumbani. Hakuna anayempenda mtu yule, na hatupaswi kumpenda. Lakini wanaotaka kumuua wanafanana mno na sisi, na tunalazimika kujitazama. Kisha filamu inawarudia akina mama, na mmoja wao anasema kwamba adhabu yoyote haitawarudisha watoto. Lang hakukubali tuondoke tukiwa na jambo moja tu mkononi.

Watoto wazitazame?

Wadogo wasitazame. Bodi ya Filamu ina kazi ya kukagua filamu na kuzipangia madaraja ya umri, na wenye vibanda wanapaswa kuyafuata. Kwa vijana wa sekondari jibu langu ni tofauti: watazame pamoja na mtu mzima atakayewauliza maswali mwishoni, kwa maana kijana anayetazama peke yake hubaki na mwendo wa jambazi, mavazi yake na namna anavyoshika sigara, na hayo ndiyo mambo yasiyo na maana yoyote.

Je, sisi wa Mtwara na Lindi tunaweza kutengeneza filamu ya namna hii, au tutaendelea kuigiza majumba ya kifahari na bastola za plastiki?

Tunaweza, na kisa tunacho mlangoni. Kisa hicho ni cha kangomba, mnunuzi wa korosho asiye rasmi. Kila mtu wa huku anajua kwamba kununua korosho za mkulima nje ya mfumo rasmi, kwa vipimo visivyo halali na kwa bei ya kutupa, ni kosa; tangu stakabadhi ghalani zianze kutumika kwa korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, korosho zinatakiwa kupitia chama cha msingi na kuuzwa kwa mnada. Lakini kila mtu anajua pia kwamba mnada huja mwezi Oktoba, na malipo huja baadaye, wakati ada ya mtoto, salfa ya kupulizia mikorosho na mgonjwa wa hospitali haviusubiri mnada. Kangomba huja na pesa taslimu wakati ambapo hakuna mwingine mwenye nayo. Mara nyingi si mgeni. Ni jirani, ni shemeji, ni mtu anayechangia misiba.

Mtu kama huyo ni mhusika mkuu ambaye mwandishi yeyote duniani angemwonea wivu aliyempata. Mwandishi wetu angeweza kukiweka kisa katika msimu wa 2018, Serikali ilipoamua kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba, kisha wauzaji wakahakikiwa ili ajulikane nani ana shamba na nani hana. Kangomba wetu ana magunia mengi na hana hata mkorosho mmoja. Anamwendea mkulima aliyemuuzia, amwombe aseme kwamba magunia ni yake. Mkulima yuleyule aliyekopeshwa naye mtoto alipougua, na yuleyule aliyepunjwa naye kwenye kipimo.

Tukio hilo likiandikwa vizuri halihitaji bunduki. Linahitaji baraza la nyumba moja ya Tandahimba au Newala, watu wawili wanaojuana tangu jandoni, na mwandishi atakayekataa kumfanya mkulima awe mjinga au kangomba awe shetani. Linahitaji pia mke wa mkulima, kwa sababu yeye ndiye aliyeziokota korosho zile moja moja chini ya miti, na mpaka sasa hakuna aliyemuuliza. Ningeanzia kwake, na ningeipeleka kamera shambani kabla ya kumwonyesha kangomba hata mara moja.